Kufufua Injini ya Datsun 240Z Makadara

Haya wasomaji, leo hakuna hifadhidata wala lugha za programu. Wiki kadhaa zilizopita niligusia hapa kwamba nyumbani kwetu Makadara kuna injini imelala barazani, na barua pepe nilizopata kuhusu hilo zinazidi zote nilizowahi kupata kwa kuandika juu ya Linux. Mmoja wenu hata aliuliza kama nimeacha kazi! Sijaacha. Basi nimeketi kueleza mambo yote kwa mpangilio, au karibu na mpangilio. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo kachukue chai.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Kwa vijana ambao Datsun kwao ni jina la hadithi za wazee: hili ni gari la milango miwili, boneti ndefu, mgongo ulioinama, ambalo Wajapani walianza kuliuza mwaka 1969 na kuendelea hadi 1973. Sisi Wakenya tuna sababu ya kulijua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani yake, na aliyefuata nyuma yao alikuwa Shekhar Mehta, naye pia ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Walitofautishwa kwa kuangalia nani alikaa muda mrefu zaidi bila kukatwa pointi. Fikiria maelfu ya kilomita za matope na vumbi, halafu mnalingana! Gari lililoshinda 1971 Nissan wenyewe wamelihifadhi huko Japani.

La mjomba wangu halijashinda chochote. Alilinunua mwaka 1988 likiwa limechoka tayari, akaliendesha hadi 2004, kisha likafunikwa turubai karibu na ukuta, likawa mahali pa paka kulala. Mwaka jana akaja mtu kuliulizia. Alitaka kulichukua, kuitoa injini na kuiuza kama chuma chakavu, kisha aweke injini ya Toyota ya miaka ya 1990 yenye taabo. Bei aliyotaja haikuwa mbaya, na binamu zangu walikuwa tayari wameanza kuigawa mdomoni. Mjomba akaniita. "Kijana, wewe ndiye umesomea mitambo." Nikamwambia, mjomba, nilisomea kompyuta. Akasema kwake ni yale yale. "Nataka jibu moja. Injini hii inarudi ama hairudi? Kama hairudi, mtu achukue kabla mvua ya Machi haijafika."

Kwa hivyo swali lilikuwa hilo tu, na lilikuwa na tarehe ya mwisho. Sikuanza na spana. Nilianza na geji.

Injini hiyo inaitwa L24. Ina silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2393, bloku ya chuma na hedi ya alumini. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 83 na pistoni husafiri milimita 73.7. (Shikeni namba hizo mbili, tutazirudia tukifika Grogan.) Injini iliyolala miaka ishirini haipigwi stata moja kwa moja. Nilitoa plagi zote sita, nikamimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, nikaacha siku tatu, kisha nikaizungusha kwa mkono na spana ndefu mbele ya krenki. Ilisota, halafu ikakubali. Ndipo nikafunga betri na geji ya kompresheni, ile inayokuonyesha silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani.

Matokeo, kwa paundi kwa kila inchi ya mraba, kuanzia silinda ya kwanza: 139, 141, 138, 140, 137, 108.

Makanika kijana aliyekuwa akitazama akatikisa kichwa. Kitabu cha injini hii kinataka 171 hadi 185. Kwa hesabu hiyo zote sita zimekufa, na ya sita imezikwa. Binamu zangu walifurahi sana.

Sasa hapa ndipo mtu wa kompyuta anafaa kidogo. Kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu kama mita 1,700, na uzito wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Injini haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia! Tena geji yenyewe huanzia sifuri pale ilipo hewa ya nje, kwa hivyo lazima uiongeze hewa hiyo kabla ya kupiga hesabu. Chukua 171, ongeza 14.7 ya hewa ya pwani, unapata 185.7. Zidisha kwa 0.82, unapata kama 152. Toa 12, ambayo ndiyo hewa ya Nairobi, unabaki na 140. Ile 185 nayo inageuka kuwa kama 152. Maana yake ni kwamba injini nzima kabisa ya L24, ikipimwa Makadara, inatakiwa kusoma kati ya 140 na 152. Silinda zetu tano zilikuwa mlangoni pa uzima. Najiuliza ni injini ngapi mji huu zimefunguliwa, zikachongwa au zikatupwa, kwa sababu mtu alisoma kitabu cha pwani akiwa huku juu.

Iliyobaki ni ya sita. Kuna kipimo cha zamani kila fundi anakijua: unamimina kijiko cha mafuta ndani ya silinda, unapima tena. Kama namba haibadiliki, hewa inatorokea kwenye valvu. Kama inapanda, inatorokea kwenye ringi za pistoni, maana mafuta yameziba nafasi kwa muda. Ya sita ilipanda kutoka 108 hadi 131. Ringi, basi. Nilimwambia mjomba inarudi. Akasema, "Haya, irudishe."

Kuishusha kulichukua Jumamosi moja, winchi ya kukodi na vijana wanne wa mtaa ambao walilipwa kwa chapati na maharagwe. Kuifungua kulichukua miezi. Nilikuwa na mwalimu, mzee mmoja mwenye gereji ndogo nje ya barabara ya Jogoo ambaye alizishika injini za Datsun zilipokuwa mpya. Yeye haandiki kitu. Ukimuuliza kipimo anakuonyesha kwa vidole, na kwa bahati mbaya kwangu vidole vyake viko sawa karibu kila mara. Nilichofanya mimi ni kuandika anachosema. Kila boliti iliyotoka ilipigwa picha, ikawekwa kwenye trei ya mayai yenye namba, ikaingia kwenye faili ya maandishi ninayoiweka kwenye Git kama kodi nyingine yoyote. Mzee alinicheka hadi siku tulipobishana kuhusu boliti moja ya pampu ya maji, tukafungua picha. Tangu hapo kila akitaka kutoa kitu anaita, "Leta kamera yako."

Jambo moja kwa wale watakaofungua injini za L: kabla hujaitoa hedi, gonga kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni ya taimingi. Usipofanya hivyo, kile kifaa cha kukaza cheni kinachomoka kule chini na utalazimika kufungua mbele yote ya injini kukirudisha. Mzee alikuwa na kabari yake, imekuwa nyeusi kwa mafuta, na aliitoa mfukoni kama mtu anayetoa kitambulisho.

Pistoni ya sita ilipotoka tulikuta ringi ya juu imeganda ndani ya mfereji wake kwa masizi na kutu. Haikuwa imevunjika. Haikuwa imekwaruza ukuta. Ilikuwa imelala tu.

Na hapo ndipo ubishi mkubwa ulipoanza. Tulipeleka bloku kwenye karakana moja Viwandani ikaoshwe. Walipoiona tu wakasema tuichonge hadi saizi ya 1.00, yaani kila silinda ipanuliwe milimita moja, zinunuliwe pistoni mpya kubwa, na mambo yaishe. Ni ushauri wa kawaida, na kwa matatu inayorudi barabarani kesho ni ushauri mzuri. Kwa injini kama hii mimi naupinga kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Bloku ina chuma cha kiasi fulani tu kati ya silinda na maji ya kupoza. Kila ukichonga unakula akiba hiyo. Ukishafika saizi ya mwisho hakuna tena, labda kuvisha silinda koti jipya la chuma, lile mafundi huita slivu, kazi ghali na yenye hatari zake. Kwenye kompyuta nikiharibu faili ninarudisha toleo la jana. Milimita moja ya chuma ikishageuka unga sakafuni Viwandani, hakuna toleo la jana. Injini iliyoanza na, tuseme, ruhusa mbili au tatu za kuchongwa, kwa nini utumie ya mwisho siku ya kwanza, tena bila kupima?

Kwa hivyo tulipima. Silinda haichakai sawasawa: huchakaa zaidi juu, pale ringi inapogeuza mwendo chini ya moto mkali, na huchakaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu pistoni inasukumwa pembeni. Ndiyo maana unapima sehemu tatu (juu, katikati, chini), na kila sehemu mara mbili kwa kukatiza. Vipimo sita kwa silinda, silinda sita, jumla thelathini na sita. Mzee alishika geji, mimi nikaandika. Kisha tukabadilishana bila yeye kuona namba zangu wala mimi zake, na tulipozilinganisha tulitofautiana kwa mia moja ya milimita mahali pawili tu.

Kitabu kinasema silinda mpya ni kati ya 83.00 na 83.05, na uchakavu usizidi 0.20. Silinda tano za kwanza hazikuvuka 83.06 popote. Ya sita ilikuwa 83.09 juu na 83.06 chini. Yaani umbo lake limekuwa kama kikombe kidogo, tofauti ya 0.03, wakati silinda iliyotoka kuchongwa hutakiwa kuwa chini ya 0.015. Kwa uchakavu haijafika hata nusu ya ruhusa, ila kwa umbo si nyoofu.

Ningeweza kubishana pande zote mbili. Mzee aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye kitabu: "Mjomba wako ataliendesha kwenda wapi?" Naivasha, labda, mara moja moja. Kanisani. Akasema basi injini hiyo haihitaji kisu. Tuikwangue kidogo kwa mawe laini ili kuta zipate mikwaruzo ya kushika mafuta, tuweke ringi mpya, pistoni zile zile zirudi kila moja kwenye silinda yake. Gharama yake tunaijua: pistoni ya sita ina nafasi zaidi ya inavyopaswa, na asubuhi ikiwa baridi itagonga kidogo hadi ipate joto. Nimeiweka kelele hiyo kwenye maandishi, ili atakayeifungua baada ya miaka ishirini ajue tuliiacha kwa hiari. Ruhusa zote za kuchonga tumemwachia yeye.

Ringi sasa! Nilizunguka barabara ya Kirinyaga, yaani Grogan kwa sisi wenyeji, kwa siku mbili nikiulizia ringi za L24 na kuangaliwa kama mtu anayetafuta dinosauri. Wengine walisema niagize nje. Usiku nikarudi kwenye zile namba mbili, 83 na 73.7, nikaona kitu. Injini ya Datsun 1600 ya kawaida, L16, ile ya silinda nne, ina kipenyo cha 83 na mwendo wa 73.7. Ni injini ile ile! Wahandisi wa Nissan waliongeza silinda mbili wakaiita L24. Magari yenye L16 yaliwahi kujaa nchi hii, na kuna wazee wa maduka ambao bado wana seti zake kwenye maboksi yaliyokula vumbi. Nilinunua seti mbili, nikapata ringi za pistoni nane. Sita zimeingia kwenye injini, mbili nimezipaka grisi na kuzifunga kwa karatasi. Hiyo ndiyo nakala yangu ya akiba. Ila usinunue kwa kipenyo peke yake. Nenda na maikromita na upime unene wa ringi dhidi ya mfereji wa pistoni zako, kwa sababu Nissan hawakutumia unene mmoja miaka yote.

Gasketi zilibidi zitoke nje, na ushuru wake sitaki kuuzungumzia.

Kuhifadhi vipande wakati kazi inaendelea ni mtihani wake, hasa kama karakana yako ni baraza na Julai imefika. Silinda iliyotoka kukwanguliwa ni chuma kitupu, inaweza kupata kutu usiku mmoja. Baada ya kukwangua niliiosha kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, nikisugua hadi kitambaa cheupe kilipotoka kikiwa cheupe. Petroli haifai hapo, inaacha unga wa mawe kwenye mikwaruzo, na unga huo utakula ringi zako mpya. Kisha mafuta ya injini mazito kila mahali, papo hapo, kabla hayajakauka maji ya mwisho. Kufunika nako ilibidi nitafute njia, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017. Nilitumia shuka kuukuu na turubai la gari lenyewe. Krenki niliisimamisha wima kwenye kona ya stoo, nikaifunga kwa kamba kwenye nguzo ili isilale ikapinda wala isianguke. Mama alikuwa akiita "mgeni wako".

Kwenye hedi kuna mambo mawili ambayo mtu wa magari ya kisasa hayajui. La kwanza, injini za L za mwanzo hupaka kamshafti mafuta kwa kibomba chembamba chenye matundu madogo. Tundu likiziba, kamu moja inakauka na kuliwa. Yetu ilikuwa na matundu mawili yaliyoziba, nikayazibua kwa waya wa gitaa. La pili ni mafuta yenyewe. Kwenye injini hizi roka inateleza juu ya kamu, chuma kwa chuma, na inategemea zinki iliyochanganywa ndani ya mafuta. Mafuta mengi ya kisasa ya magari ya petroli yamepunguziwa zinki ili yasiharibu mitambo ya kusafisha moshi. Soma lebo. Na kila roka irudi kwenye kamu yake ya zamani, usizichanganye, zimeshazoeana.

Kuhusu petroli wengi mliuliza. Ni kweli, risasi iliyokuwa ndani ya petroli ililinda viti vya valvu, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006, wakati gari hili lilikuwa tayari limelala. Lakini kwenye hedi ya alumini viti hivyo ni pete zilizopachikwa, zinaweza kubadilishwa baadaye bila kugusa bloku. Vyetu havikuwa vimezama, kwa hivyo tulisaga valvu kwa mkono tukaziacha.

Tuliiwasha Jumapili alasiri. Kwanza bila plagi, stata peke yake, hadi sindano ya mafuta ilipoinuka. Kisha plagi, kisha mjomba mwenyewe akageuza ufunguo. Ilikohoa kupitia kabureta, ikatoa moshi wa kutosha kuita majirani, ikashika. Hakusema kitu kwa muda. Baadaye alisema ile ya sita inagonga. Nilimwambia najua, imeandikwa. Baada ya dakika kumi haikugonga tena.

Kompresheni baada ya kilomita mia tatu: 146, 147, 145, 146, 144, 143. Yule mtu wa injini ya Toyota alipiga simu mwezi uliopita. Mjomba alimwambia gari limeenda kanisani.

Kilichobaki ni kabureta. Zote mbili zinamwaga petroli kupita kiasi kwa hewa yetu nyembamba, na plagi zinatoka nyeusi kama makaa. Nimeanza kuzipunguza robo mzunguko kwa wakati, na jedwali lake linakua. Wakati huo huo, kama kuna anayejua mtu mwenye Datsun 1600 au injini ya L16 inayosubiri kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma, Nairobi, Nakuru, Eldoret, popote, tafadhali niandikie kabla haijapimwa kwa kilo. Nitakuja na maikromita yangu, na nauli nitajilipia.